Ukuta bila tole: nani anajenga maduka ya Kolwezi, na nani anabaki na deni

Mu Kolwezi mtu anaweza kusoma bei ya kobalti bila kufungua telefone. Atembee tu ku miguu mu barabara kubwa na mu kartie, aangalie kuta za maduka. Ukiona ukuta wa blok umefika ku linto, vyuma vinatokea juu na majani yameota ndani ya chumba, mara nyingi ule ni ukuta wa 2018. Mwenyewe alianza wakati bei ilikuwa juu, 2019 ikamkuta hajaweka tole. Ukiona vioo, rangi ya kungaa, gesti ya gorofa mbili na jenereta mbele ya mlango, ile ni ya 2021 ao 2022. Na sasa kuna kuta zingine mpya zisizo na tole, zile za 2025.

Si mchezo. Mwezi wa tatu 2018, tani moja ya kobalti ilipita dola 90.000 ku soko la London. Mu 2019 ilishuka chini ya 30.000, na mwisho wa mwaka ule Mutanda, moja ya mine kubwa za kobalti mu dunia, ilisimamisha kazi kwa karibu miaka miwili. Mu 2022 bei ikapanda tena, ikapita 80.000, kisha ikaporomoka. Mwanzo wa 2025 ilikuwa karibu 21.000. Njo pale serikali, kupitia ARECOMS, ilifunga njia ya kobalti kutoka mu inchi, tarehe 22 mwezi wa pili 2025: kwanza miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025 tuko na kota: tani 18.125 kwa kumaliza mwaka ule, tani 96.600 kwa 2026, na hesabu ileile kwa 2027.

Shaba haikuguswa, njo maana mine nyingi hazikuzima mashini. Na bei ya kobalti ilipanda kweli kisha ya pale. Lakini bei kupanda ku London na faktire kulipwa ku Kolwezi ni mambo mawili. Mu miezi ile ya kufunga, jibu moja lilizunguka mji wote: "Ngoya kidogo, kampani haiyalipa." Kampani ya mine ilimwambia mwenye malori, mwenye malori akamwambia yule anayemjengea depo, yule wa depo akamwambia masoni, masoni akamwambia mama wa malewa aliyemkopesha bukari. Mama wa malewa hana mtu wa kumwambia.

Nataka tuongee juu ya mnyororo huu, sababu wengi wetu tuko ndani yake bila kujua. Mchimbaji wa mine anajiona ni mtu wa mine. Lakini bibi yake anauza mu chumba cha mbele ya lupango, mtoto wake anabeba blok ku shantie, shemeji yake amefungua kampani ndogo ya kupaka rangi na kuweka karo. Pesa ya mine inapita mu mikono ya nyumba moja mara tatu ao ine. Na mara nyingi inapita bila karatasi.

Tuanze na sheria, sababu sheria iko, na si mbaya. Tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inchi yetu ilipata sheria n° 17/001 juu ya sutretansi, ni kusema kampani kubwa kupokeza kampani ndogo kipande cha kazi. Inasema kazi ya namna ile ni ya kampani za Wakongomani, zenye kapitali ya Wakongomani na makao mu inchi. Haisemi mine peke yake. Banki inayotengeneza ajansi yake, kampani ya telefone inayojenga duka, kiwanda cha pombe kinachopanua depo, vyote viko ndani. Iko ofisi ya kuisimamia, ARSP. Na iko kifungu ambacho ningependa kila masoni akishike kama namba ya telefone ya mama yake: kabla kazi haijaanza, kampani kubwa inapaswa kumpa ndogo avansi ya 30 ku 100 kwa uchache.

Sasa tazama namna mambo yanaenda. Tuseme, ni mfano tu, kampani inataka kuvunja kantini ya zamani na mabilo mawili, ijenge upya, kazi ya dola 40.000. Kampani ndogo ya mtoto wa Kolwezi inapata soko. Kwa sheria apokee dola 12.000 mbele ya kuchimba fondasio. Lakini ku bilo wanamwambia: "Sisi tunalipa kisha ya kazi, siku 90 tangu faktire. Kama hutaki, wengine wako inje." Anataka, juu ameshangojea miezi sita. Banki haimpatii mkopo, hana nyumba yenye titre. Anaenda kwa Banque Lambert, yule wa kukopesha mu kartie bila karatasi nyingi. Tuseme anachukua 12.000 kwa faida ya 20 ku 100 kila mwezi. Kila mwezi ni 2.400. Miezi mitatu tu ya kungojea, anadaiwa 7.200 juu ya ile aliyokopa, na bado sijahesabu muda wa kazi yenyewe. Faida aliyotumaini mu kazi ya 40.000 ilikuwa labda 6.000. Lambert ameila yote mbele rangi haijakauka, na amechukua zaidi.

Ile inayopunguka itatoka wapi? Mtu wa kampani ndogo hana mahali pengi pa kukata. Tole iko na bei yake, vyuma viko na bei yake. Anabaki na vitu viwili vya kupunguza: simenti na mshahara.

Simenti kwanza. Beto ya nguzo, masoni mzuri anaijua, inataka kilo 350 za simenti mu metre kibe moja, ni kusema masaki saba ya kilo 50. Ukiweka masaki matano, nguzo haitakuambia kitu siku ile. Itasimama, itapigwa krepi, itapakwa rangi, watu watakunywa Simba siku ya kufungua. Itaanza kusema kisha ya mvua ya tatu. Nimeona duka la gorofa moja ambalo mwenyewe aliongeza gorofa ya pili wakati biashara ilikuwa nzuri, na hakuna mtu aliyemuuliza nguzo za chini zilikula masaki mangapi. Sasa anauza chini, juu amefunga na kufuli.

Mshahara njo sehemu inayotuhusu sisi wa sendika, na hapa lazima niseme ukweli hata kama wenzangu watanuna. Sisi tunajua kupigana ku mlango wa mine. Mtu akiwa na badje tunajua sheria yake, tunajua konvansio, tunajua nani wa kumwandikia barua. Mtu huyohuyo akitoka mu mine na kwenda kubeba blok ku shantie ya butike, tunamwita "jurnalie" na tunafunga dosie. Kama vile jurnalie hana sheria.

Anayo. Kodi ya kazi ya 2002, kifungu cha 40: mtu anayechukuliwa siku kwa siku, kama amekwisha kufanya siku 22 mu muda wa miezi miwili, na anachukuliwa tena mbele miezi miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Siku 22. Ku shantie ya duka la vyumba vine mtu anazifikia mu mwezi mmoja. Kutoka pale hawezi tena kuambiwa "kesho usije" kama mbwa. Kuna preavi, kuna konje, kuna dekonti. Na CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS, haikuwekwa kwa ajili ya kampani kubwa tu: patron analipa 13 ku 100 ya mshahara, mfanyakazi 5. Mu ile 13 ya patron, moja na nusu ni ya ajali ya kazi.

Moja na nusu ku 100. Ni bei ya sigara. Mwaka jana niliitwa ku hospitali kwa mtoto wa mwenzetu wa mine, aliyeanguka toka ku eshafodaje ya miti ya kaliptusi, metre ine hivi, walikuwa wanabadilisha tole ya depo. Mguu ulivunjika mahali pawili. Baba yake, ambaye kila mwezi anakatwa CNSS ku mine, aliuza mashini ya kushona ya bibi ili kulipa dawa. Mwenye depo alileta sabuni na dola 50. Tasheroni aliyemchukua mtoto kazi alizima telefone. Hakuna aliyekuwa na hata kipande cha karatasi chenye jina la mtoto yule. Tulipofika ku Inspection du travail, inspekta alituuliza swali moja tu la haki: "Nani anaweza kuonyesha kama alikuwa anafanya kazi pale?" Tulikaa kimya.

Nimejifunza kitu siku ile. Mu shantie zetu ndogo watu wanakosa pesa, ndiyo, lakini wanakosa mbele ya yote ushuhuda. Kila mtu anaaminiana mpaka siku ya shida. Mwenye duka anamwamini tasheroni sababu wanaomba kanisa moja. Tasheroni anamwamini mwenye duka sababu ameona gari lake. Watoto wa kazi wanawaamini wote wawili sababu wana njaa. Bei ya kobalti ikishuka, ao serikali ikifunga njia, imani ile inahama mji usiku.

Iko pia jambo la kukopesha jina. Sheria ya 2017 inataka Wakongomani, kwa hiyo tajiri wa inje anatafuta Mkongomani wa kuweka mu statiti. Mara ingine ni mtoto wetu aliyemaliza ISC ao chuo kikuu na hana kazi. Anapewa 51 ku 100 ku karatasi na dola 300 kwa mwezi ku mkono. Soko la kujenga linapita kwa jina lake, pesa inapita kando yake. Ninawaelewa vijana hawa, tumbo haijui sheria. Lakini wazazi, waambieni: siku watu wa kodi watakuja, siku CNSS itadai, siku masoni ishirini watafika ku tribinali, jina linalotafutwa ni lile la ku karatasi. Tajiri atakuwa amefungua kampani ingine na mtoto wa jirani. Na kuna uharibifu mwingine: kampani ya kweli ya Kolwezi, yenye betoniere mbili na watu wanaojua kazi, inashindwa soko na kampani ambayo haina hata truele, kisha inakuja kuomba kazi kwa ile iliyoshinda, kwa nusu ya bei. Sheria inakataza kupokeza wengine zaidi ya 40 ku 100 ya soko. Njo wapi mtu amehesabu?

Nirudi sasa ku sisi wenyewe, wenye kujenga kwa pesa ya jasho. Sababu si makampani tu yanayojenga. Angalia lupango za wafanyakazi wa mine: kila moja inafungua chumba mbele, ku barabara. Farmasi, duka la simu, salo ya nywele, depo ya vinywaji. Dekonti ikitoka, prime ikitoka, inakuwa ukuta. Tumerithi hii kwa baba zetu.

Mu 2003 na 2004, wakati wa ile operasio ya kuondoka kwa mapenzi, "départ volontaire", wafanyakazi 10.655 walitoka Gécamines na kipande cha pesa kilichotoka Banki ya Dunia. Kwa mapenzi, tulisema, lakini watu walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Baba yangu alikuwa ndani ya hesabu ile. Alijenga butike ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma, ile udongo wa kichuguu tunaoujua mu Katanga, ngumu na nyekundu. Ukuta ulikuwa mzuri, mpaka leo uko. Butike ilikufa mu mwezi wa nane. Kwa muda mrefu nilifikiri hakujua biashara. Leo ninaona makosa yalikuwa mawili, na hakuna hata moja lililokuwa la kijinga.

La kwanza, pesa yote iliingia mu ukuta. Butike inataka pesa mbili, ya nyumba na ya bidhaa, na ukuta hauuzi sukari. Siku ya kufungua alikuwa na tole mpya na katoni tatu za sabuni. La pili ni kubwa zaidi: wateja wake walikuwa nani? Walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, wale waliotoka pamoja naye, na kila mmoja wao alikuwa amefungua butike yake. Mu avenue moja watu sita wanauza chumvi, na hakuna mwenye mshahara wa kuinunua.

Hali ile inarudi pole pole. Ukijenga duka Kolwezi leo, wateja wako ni mishahara ya mine, na mishahara ya mine inafuata kobalti na shaba. Ni kusema unaweka mayai ya nyumba yako mu kitunga kilekile ambacho patron wako ameweka ya kwake. Bei ikianguka, unapoteza saa za ziada ku mine na wateja ku duka mu juma moja. Sisemi watu wasijenge. Mtu atafanya nini na pesa, aiweke chini ya kitanda? Nasema aangalie ataweka duka la kumuuzia nani, na ajenge kwa kipimo.

Mimi sikuangalia. Mu 2018 nilikuwa na prime nzuri, nikaanza depo, vyumba vitatu, kwa tasheroni mmoja ambaye simtaji. Nilimpa dola 3.500 mu mkono, mara tatu, bila kuandika. Alinunua matofali ya bei ndogo, yale ambayo hayakuiva vizuri, nikaona rangi yake ya manjano na nikanyamaza. Mu 2019 saa za ziada zikakatwa, nikachelewa kumpa pesa ya tole, akaenda kutafuta kazi Lubumbashi. Sikumshitaki, sikuwa na kitu cha kuonyesha, na kusema kweli na mimi nilikuwa na deni lake la majuma mawili. Mvua mbili zilipita juu ya ukuta ule. Mistari mitano ya juu ilirudi udongo, unaweza kuichota na kikombe. Bibi yangu aliita ile nyumba "kichuguu cha papa", na watoto wanaiita vile mpaka leo.

Nilimaliza mu 2022 kwa namna ingine. Karatasi mbili, moja kwangu moja kwa masoni, na shahidi wa kila upande. Pesa kwa vipande: fondasio ikiisha, kipande, linto ikifika, kipande, tole ikipigwa, kipande, na nikaweka 10 ku 100 kando mpaka mvua ya kwanza ipite bila kuvuja. Yeye pia aliweka sharti lake, na lilikuwa la haki: nikichelewa siku 15, anasimamisha kazi na ninamlipa zile siku. Nilichelewa mara moja, nikalipa. Kikaye cha siku za watoto wa kazi tulikiweka dukani kwa jirani, kila jioni kila mtu anaweka alama yake. Hakuna aliyegombana na mwingine mpaka mwisho, na si kwa sababu tulikuwa watu wazuri kuliko 2018.

Neno moja juu ya bei. Simenti yetu nyingi inatoka Zambia kwa Kasumbalesa. Mwezi wa nane 2024, wakati Zambia ilifunga mipaka siku chache juu ya mambo ya pombe na vinywaji vya sukari tulivyokataza kuingia, wenye shantie waliona bei ya saki ikipanda mbele ya saa sita. Na mu 2025 franga yetu ilipata nguvu: dola iliyokuwa karibu 2.850 mwanzo wa mwaka ilikuwa chini ya 2.500 mwisho wake. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini masoni aliyesaini kontra ya dola mwanzo wa mwaka, na anayenunua mchanga na kulipa watoto wa kazi kwa franga, alijikuta anajenga ukuta uleule na pesa kidogo. Bei ya mchanga haikushuka. Kwa hiyo mu karatasi andikeni pia: ni dola ao ni franga, na kama taux ikibadilika sana tufanye nini.

Na lupango yenyewe, ni ya nani? Kolwezi si mji kama mingine. Kasulo, mu 2014, watu walichimba kobalti mu lupango zao mpaka chini ya sakafu, na kisha ya miaka mitatu kipande cha kartie kikazungushiwa ukuta na wenyewe wakahamishwa. Cité Gécamines iko ku mdomo wa shimo la Musonoi, wakaaji wanajua kusema kuliko mimi. Mtu anaweza kuweka dola 8.000 kutengeneza duka mahali ambapo konsesio itapita kesho. Kodi ya mine haikumwacha mikono mitupu: bila ruhusa ya mwenyewe, kampani haiwezi kukalia ardhi iliyo chini ya metre 180 toka ku nyumba, hata nyumba yenyewe ikiwa tupu. Na kama unanyanganywa matumizi ya ardhi, unaweza kudai malipo ya haki kwa bei ya ardhi na nusu yake juu. Lakini siku watu wa kuhesabu wanapita na tablete zao, anayeonyesha faktire ya tole, kontra ya masoni na picha ya mbele na nyuma, duka lake linahesabiwa kama duka. Asiye na kitu, linaandikwa "kiosque", na atalipwa kiosque. Mbele ya kujenga, nenda ku kadastri ya ardhi, uliza pia kama lupango yako haiko ndani ya peremi ya kampani. Ni safari ya asubuhi moja.

Kwa upande wa sendika, mimi na wenzangu wachache tumeanza kitu kidogo. Hatujangojea mkutano mkubwa. Jumamosi, wale walio na konje wanapita ku shantie za maduka mu kartie yao, si kupigana na mtu, kugawa kikaye kimoja na bike moja. Wenye maduka wengine walitufukuza, wengine walitupa kiti. Mmoja alituambia neno ambalo limebaki mu kichwa changu: "Mukiniletea na karatasi ya kumlazimisha yule wa mine anilipe faktire yangu, mimi nitalipa hawa watoto leo." Hakusema uongo. Njo maana dai letu la avansi ya 30 ku 100 si dai la wenye makampani peke yao, na nitaomba wenzetu wa delegasio waliweke ku meza ya majadiliano na mine, pamoja na mambo ya prime na konje: orodha ya kampani ndogo zilizojenga ndani ya mine ao inje kwa ajili yake, na tarehe kila moja ililipwa. Kota ya 2026 na 2027 inajulikana, kampani haitasema tena kwamba haikujua itauza tani ngapi.

Juma iliyopita tulipita ku shantie moja, duka la vyumba vitano, kazi imefika ku krepi. Watoto wa kazi pale hawakuwa na kikaye. Lakini nyuma, mu chumba cha mwisho, walikuwa wameandika siku zao na makala ku ukuta, kila mtu na mstari wake chini ya jina lake. Mmoja alikuwa na mistari 31 tangu mwezi wa jana, mwingine 27, mdogo kabisa 24. Wote wamepita 22. Tasheroni alikuwa amewaambia watalipwa kazi ikiisha, na ya kuwa krepi ya chumba kile inaanza Jumatatu. Tulipiga picha ya ukuta, na gazeti la siku ile mbele yake ili tarehe ionekane, kisha tukaandika majina yote mu kikaye. Dosie iko sasa ku Inspection du travail.

Krepi ilipigwa Jumatatu, kama alivyosema.